Wahindi wa Kenya darasani: kwa mwalimu anayeanza

Ukitaja Wakenya wenye asili ya Asia mbele ya Gredi ya 6, watoto watakupa mambo matatu papo hapo: reli, simba wa Tsavo waliokula vibarua wa reli, na duka. Hayo matatu ni ya kweli, lakini yakiachwa yalivyo yanapotosha. Tenga vipindi vitatu. Viwili havitoshi, kwa sababu kimoja kitamezwa na simba.

Kipindi cha kwanza kianzie uwanjani. Chukua kamba ya katani ya mita 13 na upige fundo kila mita. Mita moja ni miaka 10, kwa hiyo mwaka mmoja ni sentimita 10. Kamba inaanzia 1890 na kuishia 2020. Andaa kadi za manila na uzibane kwa vibanio vya nguo: 1896, ujenzi wa reli unaanza Mombasa (sentimita 60 kutoka mwanzo), 1901, reli inafika Kisumu (mita 1 na sentimita 10), 1963, uhuru (mita 7 na sentimita 30), 2017, serikali inawatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi hii (mita 12 na sentimita 70). Kisha mpe mtoto mmoja kadi ya 1498, mwaka ambao Mreno Vasco da Gama alitia nanga Malindi akakuta wafanyabiashara wa Kihindi wameshatangulia. Kwa kipimo kilekile, mtoto huyo anatakiwa arudi nyuma mita 39 na sentimita 20 kutoka kwenye fundo la 1890. Atakuwa kule karibu na goli la pili, peke yake na kadi yake, wenzake wote wakiwa wamesongamana kwenye kamba. Waache wamtazame kidogo kabla hujasema lolote. Dhana kwamba Mhindi aliletwa na reli hufia hapo. Jina la rubani wa meli aliyemvusha Mreno huyo hadi India usilitaje, maana wanahistoria hawakubaliani.

Kosa la kawaida hapa ni kufupisha kamba iwe mita mbili ili itoshe ukutani. Kadi za 1896 na 1901 zinalaliana, na mtoto wa 1498 anasimama hatua chache tu kutoka kwa wenzake. Somo limekwisha hapo.

Kipindi cha pili ni cha maharagwe. Kila kundi la watoto watano lipewe punje 32, kila punje ikiwa watu 1,000, maana vibarua walioletwa kutoka India kujenga reli walikuwa karibu 32,000, wengi wao wakitoka Punjab kwa mikataba ya miaka mitatu. Wapasue punje moja na kutenga mbili na nusu: hao walikufa. Watenge nyingine karibu saba: hao walibaki Afrika Mashariki mikataba ilipoisha. Zilizosalia, kama 22 na nusu, ni za waliorudi kwao, na baadhi yao walirudi wagonjwa. Tumia maharagwe makavu, si mahindi, kwa kuwa haragwe hupasuka sawasawa katikati na punje ya hindi haipasuki. Halafu uliza: ikiwa waliobaki ni punje saba tu, wenye maduka walitoka wapi? Wape muda wabishane. Wengi wa hao walikuja kwa nauli zao, hasa kutoka Gujarat na Kutch, kwa majahazi na baadaye kwa meli, ndugu akimwita ndugu. Allidina Visram, ambaye jina lake liko kwenye shule ya upili kule Mombasa, alieneza maduka yake hadi Uganda, na hakuwahi kuwa kibarua wa reli.

Simba wapewe dakika tano, si zaidi. Idadi ya waliouawa Tsavo mwaka 1898 inabishaniwa hadi leo, ila maradhi yaliua wengi kuliko simba.

Swali la duka ni gumu, na ndilo watoto watakalorudi nalo nyumbani. Usijibu kwamba “Wahindi wanajua biashara”. Jibu kwa sheria: serikali ya kikoloni iliwatengea Wazungu mashamba ya nyanda za juu, Mhindi akazuiwa kumiliki ardhi huko, akabaki na duka na ofisi. Mwafrika naye aliwekewa mpaka wa mkopo, hata mwenye akili ya biashara akakosa mtaji. Ukiweka sheria hizo mbili kwenye ubao mmoja, watoto wenyewe watapata jibu.

Kwenye kipindi cha tatu, hakikisha hawachanganyi Kenya na Uganda. Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972 na kuwapa siku 90. Kenya haikufanya hivyo: ilitoa miaka miwili baada ya uhuru ya kuomba uraia, kisha sheria za 1967 zikawabana wasio raia katika kazi na leseni za biashara, na maelfu wakakimbilia Uingereza. Mweke Makhan Singh katika kipindi hiki, mtu wa vyama vya wafanyakazi aliyedai uhuru hadharani Aprili 1950, akakamatwa mwezi uliofuata na asiachiliwe hadi 1961. Bila yeye, mtoto atadhani Mhindi alikuwa mtazamaji tu.

Mtoto mmoja atatoa methali, “Banyani mbaya, kiatu chake dawa”. Usimkaripie. Iandike ubaoni, uulize ni nani angeisema na akiwa dukani kwa nani. Neno kalasinga, hata hivyo, lisiingie kwenye daftari. Waandike Sikh.

Mwenye asili ya Kihindi darasani asifanywe msemaji wa jamii nzima, na usimwombe alete chapati. Kazi ya nyumbani iwe ya maneno: kila mtoto awaulize wazee wa kwao maneno matano ya Kiswahili wanayodhani yametoka India. Gari, bima, laki na chapati yatakuja. Duka pia litakuja, na hapo utabishana, kwa kuwa Waarabu nao wanalidai. Ila watoto wasiulizane nyumbani kwa nani kuna kitambulisho na kwa nani hakuna. Ukiwa na Mnubi, Mmakonde au Mshona darasani, mtoto wa jamii zilizohangaika kwa miaka mingi kupata vitambulisho vya Kenya, swali hilo halihusu historia ya zamani. Linamgusa nyumbani kwao.