Boti ya kasi au meli kubwa: kuzunguka visiwa vya Cyclades mwezi Agosti

SWALI: Mimi na mke wangu tumepata viza ya Schengen ya kuingia mara moja, na tunakusudia kutembelea visiwa vya Ugiriki kuanzia tarehe 8 hadi 17 Agosti. Tutatoka Athens kwenda Paros, kisha Naxos, kisha Santorini, na asubuhi ya tarehe 17 tutarudi Piraeus, bandari ya Athens, kwa boti ya kasi ili jioni tupande ndege ya kurejea nyumbani. Mke wangu hutapika hata kwenye boti ya Unguja kusi inapochachamaa. Je, tuchague boti za kasi au meli kubwa? Na safari ikifutwa, tuna haki gani? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Ndugu msomaji, visiwa mlivyochagua sina neno navyo, kinachonitia wasiwasi ni mpangilio wake, na zaidi ya yote ile siku ya mwisho.

Mwezi Julai na Agosti Bahari ya Aegean hutawaliwa na upepo wa kaskazini ambao Wagiriki huuita meltemi. Upepo huo husababishwa na tofauti kati ya mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya nchi za Balkani na mgandamizo mdogo ulioko upande wa Uturuki, na kwa kuwa hauletwi na mvua wala tufani, unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo chini ya anga jeupe lisilo na wingu. Wageni wengi huchanganyikiwa hapo, kwa sababu huamka wakaliona jua linawaka, kisha wakifika bandarini huambiwa kwamba vyombo havitoki. Amri hiyo hutolewa na walinzi wa pwani, si na kampuni ya meli, kwa hiyo kubishana na mkata tiketi hakusaidii kitu. Mkiwa Naxos, tazameni ile njia nyembamba inayoelekea Portara, lango la marumaru lililo kando ya bandari: mawimbi yakianza kuirukia na kuwalowesha wapita njia, ulizeni habari za safari yenu mapema.

Boti ya kasi ni nyepesi, na kibali chake huweka bayana hali ya bahari ambayo hairuhusiwi kuivuka. Ndiyo maana huzuiwa upepo ukiwa bado haujafikia nguvu ya kuizuia meli kubwa. Meli kubwa hutumia saa tano hivi kutoka Piraeus hadi Naxos, na saa saba na nusu au nane hadi Santorini, lakini ni nzito, nyingi zina mapezi ya ubavuni yanayopunguza mrama, na nauli yake ni nafuu zaidi. Kwa mtu anayetapika, mimi ningekata tiketi ya meli kubwa bila kufikiri mara mbili.

Mpangilio nao ugeuzeni. Anzeni na Santorini, ili ile safari ndefu muifanye upepo ukiwa nyuma yenu, kisha mrudi Naxos na Paros kwa hatua fupi, na usiku wa tarehe 16 mlale Athens. Kumbukeni pia kwamba tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria, ambayo huvuta umati hasa Tinos na Paros, hivyo anayefutiwa safari siku hizo anaweza asipate nafasi kwenye meli inayofuata. Tiketi zikateni sasa.

Kuhusu haki zenu, Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010 inasema kwamba safari ikifutwa, au ikichelewa kuondoka kwa zaidi ya dakika 90, abiria huchagua kati ya kupelekwa kwa chombo kingine bila gharama ya ziada na kurudishiwa nauli, ambayo inapaswa kulipwa ndani ya siku 7. Kwa safari ya saa nne hadi nane, kuchelewa kufika kwa saa mbili kunaleta fidia ya asilimia 25 ya nauli, isipokuwa chanzo kiwe hali mbaya ya hewa; hapo fidia haipo, na hata hoteli mtajilipia wenyewe. Ndege itakayowaacha ni tiketi nyingine kabisa, na kampuni ya meli haiwajibiki nayo.

Jambo moja la bandarini ambalo tiketi haiandiki: meli haifungi gati kwa ubavu. Hudondosha nanga za omo ikiwa bado mbali, kisha hurudi kinyumenyume hadi tezi ikaribie gati, mlango wa nyuma ukishuka huku minyororo ikilia, na ndani ya dakika chache magari na watu wameshashuka na wengine wamepanda. Kwa hiyo kisiwa chenu kikitangazwa, teremkeni mara moja na mizigo mkasubiri kwenye sitaha ya magari.

Msishawishike kuvuka kutoka Rhodes kwenda Marmaris, au Kos kwenda Bodrum, hata kama ni safari ya mchana mmoja: Uturuki haimo katika Schengen, na kwa viza yenu hamtaruhusiwa kuingia tena Ugiriki.

Mke wako aketi katikati ya meli, si omoni, mahali anapoweza kuona upeo wa bahari. Dawa ya kichefuchefu aimeze kabla meli haijang'oa nanga, maana akishaanza kutapika haitakaa tumboni.