Pima mzigo kabla ya kuagiza jenereta

Ukifika saiti ya ujenzi utakuta jenereta ya kVA 100 ikinguruma kutwa, na utaambiwa "inatosha". Inatosha kupita kiasi, na dizeli inapotelea hapo hapo. Kwa pawa fakta (sehemu ya kVA inayofanya kazi halisi) ya 0.8, kVA 100 ni kilowati 80. Je, saiti inakula ngapi?

Omba klampu mita (kipimo kinachobana waya na kusoma mkondo), na fundi umeme aifungue paneli mwenyewe, maana mle ndani mna volti 400. Abane waya wa fezi mmoja mmoja. Akibana kebo nzima, mita itasoma karibu sifuri kwa kuwa mikondo inafutana, nawe utadhani hakuna mzigo. Tuseme fezi zinasoma ampea 38, 31 na 21. Wastani ni 30. Zidisha 1.732 (namba ya umeme wa fezi tatu) × 400 × 30 × 0.8, gawa kwa 1,000: kilowati 16.6, yaani kama asilimia 21 ya uwezo. (Ile ya 38 imebeba zaidi ya nyingine, hamishia baadhi ya taa kwenye ile ya 21.) Rudia kipimo asubuhi, wakati wa chakula na usiku, kwa wiki nzima.

Injini ya dizeli ikikaa muda mrefu chini ya asilimia 30 haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa, na baadaye unaona majimaji meusi mazito yakichuruzika kwenye ekzosi. Wengi hukimbilia kubadilisha nozeli, lakini ugonjwa ni mzigo mdogo.

Kwa nini basi watu huagiza kubwa? Wanaogopa kuwasha mota. Mota ya kilowati 7.5 hutumia takriban ampea 15 ikizunguka, lakini ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita au saba ya hizo kwa sekunde chache. Kiwashio laini, kifaa kinachoipa mota umeme polepole, hushusha hadi mara tatu au nne. Tahadhari: pia hupunguza nguvu ya kuanzia, kwa hiyo mikseri ya zege iwashwe pipa likiwa tupu, la sivyo mota itanguruma bila kuzunguka. Na mashine mbili kubwa zisiwashwe kwa pamoja.

Usiku ndiko kwenye hasara kubwa. Taa sita za zamani za wati 400 pamoja na vifaa vya mlinzi ni kama kilowati 3. Kwa mzigo huo jenereta ya kVA 100 bado inaunguza takriban lita 4 kwa saa, lita 48 kwa saa 12. Ndogo ya kVA 8 ingetumia kama lita 17. Tofauti ya lita 31, kwa kilo 2.68 za kaboni dioksidi kwa kila lita, ni kilo 83 kila usiku. Ukifunga LED za wati 150, mzigo wa taa unashuka kutoka wati 2,400 hadi 900, na hapo betri ya kubeba usiku, jenereta ikiwa imezimwa, inaanza kuwa na maana.

Hata ukibaki na taa za zamani, kwa kilowati 3 kwa saa 12 unahitaji yuniti (kilowati-saa) 36. Agiza betri ya kama 45 ili usiimalize kabisa. Kuichaji kwa saa nane mchana kunaongeza kilowati 5 hivi. Sasa mzigo wa mchana ni 16.6 + 5, yaani kilowati 21.6, na jenereta ya kVA 40 (kilowati 32) itafanya kazi kwenye asilimia 68 hivi, penyewe hasa. Betri ukiifunga kwenye ile ya kVA 100, umebaki asilimia 27.

Kama jengo litawekewa transfoma ya kudumu ya umeme wa gridi, omba ifungwe mapema itumike wakati wa ujenzi.

Kila siku andika lita zilizoingia na yuniti zilizotoka, kisha gawanya. Jenereta yenye mzigo mzuri huwa kati ya lita 0.25 na 0.30 kwa yuniti. Ukiona 0.40, angalia filta ya hewa, kisha daftari la mzigo, kabla hujamtuhumu mlinzi kwamba anauza dizeli.