Je, sumaku yaweza kupatikana bila metali?

SWALI: Ndugu Mhariri, darasani tunafundisha kwamba sumaku za kudumu hutokana na chuma, nikeli na kobalti. Mwanafunzi wangu amesoma kuwa mirija ya nano (mirija myembamba mno, yenye upana wa sehemu za bilioni za mita) isiyo na metali yoyote hupata usumaku ikipachikwa atomu za kaboni. Je, ni kweli?
Mwalimu wa fizikia, Tanga

JIBU: Mwalimu, ni kweli, ila kwa masharti. Kinacholeta usumaku si metali yenyewe, bali ni elektroni isiyo na mwenza. Kwa kawaida elektroni hukaa mbilimbili, spini (yaani mwelekeo wa usumaku mdogo wa elektroni) ya moja ikielekea juu na ya mwenzake chini, hivyo usumaku wao hufutana. Chuma kina nguvu kwa sababu elektroni zake kadhaa hubaki pweke.

Tuchukue mrija wa boroni naitraidi, ambao ulitabiriwa kwa hesabu mwaka 1994 na kutengenezwa mwaka uliofuata. Ukuta wake ni wavu wa pembe sita ambamo boroni na nitrojeni hupokezana. Boroni ina elektroni 3 za nje, nitrojeni 5, na kaboni 4. Kaboni ikishika nafasi ya boroni, inazidi elektroni moja. Ikishika nafasi ya nitrojeni, inapungua moja. Na kwa vyovyote vile moja hukosa mwenza. Hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2005 zilionyesha kuwa upachikaji huo huuzalishia mrija usumaku. Lakini kaboni mbili zikikaa jirani, moja mahali pa boroni na nyingine mahali pa nitrojeni, elektroni zao huoana na usumaku hutoweka.

Hapo ndipo penye ugumu, kwani elektroni pweke zilizotawanyika hazifanyi sumaku ya kudumu mpaka spini zake zikubaliane kuelekea upande mmoja, tena bila kuvurugwa na joto la kawaida.

Ugumu mwingine, ambao mimi nauona mkubwa zaidi, ni uchafu. Mirija mingi ya nano ya kaboni, jamaa ya ile ya boroni naitraidi, hukuzwa kwa vichocheo vya chuma, kobalti au nikeli, na mabaki kidogo tu yanatosha kumdanganya mpimaji. Mwaka 2001 jarida la Nature lilichapisha taarifa ya kaboni yenye usumaku iliyotokana na molekuli za C60, yaani zenye atomu 60 za kaboni kila moja. Mwaka 2006 taarifa hiyo iliondolewa, baada ya kubainika kuwa sampuli zilikuwa na chuma.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka Madrid mwaka 2016. Watafiti waliweka atomu moja moja za haidrojeni juu ya grafini, ambayo ni wavu uleule wa kaboni usiokunjwa kuwa mrija, wakaona kwa hadubini hali ya usumaku ikienea nanomita kadhaa kuizunguka kila atomu.

Kwa hiyo mwanafunzi wako akisoma taarifa nyingine ya aina hii, atazame kwanza kama ni hesabu ya kompyuta au kipimo cha maabara. Na kama ni kipimo, atafute kiasi cha chuma kilichokutwa katika sampuli na halijoto iliyotumika.