Re: Ubabe wa NHL ni ngumi tu?
Mkuu, umeuliza kama ugumu wa wachezaji wa NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, ni zile ngumi tunazoziona kwenye klipu. Ngumi ni mbwembwe tu. Mtafute Gregory Campbell wa Boston, mechi na Pittsburgh, Juni 2013. Alijitupa chini kuzuia shuti la Malkin wa Pittsburgh, kile kisahani cha raba kikamvunja mfupa wa mguu. Timu yake ilikuwa pungufu kwa mtu mmoja, basi akajiinua, akabaki karibu dakika nzima akichechemea barafuni na kuziba njia za pasi. Boston wakashinda 2-1 kwenye muda wa nyongeza. Ila anayegongwa kichwa halafu akamficha daktari ili arudi kucheza, huyo mimi simhesabu.