Mkataba wa 1967 haukukataza silaha zote

Ndugu, umesema mkataba wa 1967, ule wa kimataifa kuhusu anga za juu, ulishapiga marufuku silaha huko. Si zote. Ibara ya 4 inakataza kuweka kwenye obiti, yaani njia ya kuzunguka dunia, silaha za nyuklia na nyingine za maangamizi makubwa, na kujaribu silaha za aina yoyote mwezini na kwenye sayari nyingine. Kombora la kawaida linalorushwa kutoka chini kuangusha setilaiti halikuguswa, na wakubwa wameutumia mwanya huo: China 2007, Marekani 2008, India 2019, Urusi 2021. Kila mmoja alilipua setilaiti yake mwenyewe, ila salamu zilikuwa kwa mpinzani.

Hilo la Urusi ndilo kituko. Setilaiti yao mbovu, Kosmos 1408, ilisambaratika vipande zaidi ya 1,500 vinavyoweza kufuatiliwa, na wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga, Warusi wakiwemo, wakalazimika kujificha ndani ya vyombo vyao vya kurudia duniani. Kipande kidogo tu, kwa mwendo wa kilomita 7 na ushee kwa sekunde, hakichagui setilaiti ya nani.

Umesema pia Marekani ilianzisha Jeshi la Anga za Juu Desemba 2019; hapo uko sahihi. Lakini China na Urusi walishapanga upya vikosi vyao vya anga za juu tangu 2015.