Nilimuaga mtu ambaye hakuwa bosi wangu

Juzi usiku nimeshazima taa, simu ikalia. Msomaji mmoja ameniandikia: “Dada, nisaidie haraka. Niko kwa wakala wa ajira, mkataba wa miezi sita, nimeshafanya minne. Nimepata kazi ya kudumu, wanataka nianze baada ya wiki mbili. Msimamizi wangu ni mtu poa sana, sitaki kumficha. Kesho namwambia. Nianzeje?”

Nikawasha taa, nikamjibu kwa herufi kubwa: USIMWAMBIE. Usingizi ukaishia hapo, maana huyo msimamizi poa namfahamu. Simaanishi wa kwake, namaanisha wa kwangu.

Mimi niliwahi kupelekwa na wakala kwenye kampuni moja kubwa kuingiza data. Miezi mitano ya mwanzo sina la kusimulia: niliingiza namba, nikaenda kulala, nikarudi kuingiza namba. Msimamizi wangu alikuwa mama wa makamo aliyeniita “mwanangu”, na siku mashine zilipogoma alinitetea mbele ya wakubwa. Kwa hiyo nilipopigiwa simu kwamba nimepata kazi ya kudumu kwingine, niliona kumficha ni usaliti. Alhamisi mchana nikamfuata mezani kwake, nikamweleza yote. Akanikumbatia. “Hongera mwanangu, Mungu ni mwema.” Nikarudi kwenye kiti changu nikijiona mtu mwadilifu kuliko wote kwenye jengo lile.

Barua ya ajira mpya nilikuwa bado sijaipata. Nilikuwa na simu tu, na furaha.

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, niligusisha beji getini. Taa nyekundu. Nikaifuta kwenye sketi, nikagusisha tena. Nyekundu. Nyuma yangu foleni inarefuka. Mlinzi ambaye kila asubuhi tulitaniana akaniambia kwa sauti ya chini, “Dada, sogea kidogo pembeni.” Nikasogea. Wenzangu wakapita mmoja mmoja, wengine wakinisalimia, wengine ghafla wana ujumbe muhimu wa kusoma kwenye simu. Yule mama naye akapita. Aliangalia viatu vyangu.

Nikiwa bado nimesimama pale, ujumbe wa wakala ukaingia: kazi yangu kwenye kampuni ile imefikia mwisho.

Nilimchukia yule mama kwa muda mrefu. Siku nikiwa na roho nyeupe najiambia hakuwa na ubaya. Alipaswa kumwambia mkuu wake, mkuu akapiga simu kwa wakala kuomba mtu mwingine, na wakala, aliyeaibika kuusikia mwisho wa mtu wake kutoka kwa mteja, akamtafuta huyo mtu mwisho wa wiki ile ile. Kwa wakala, kiti kitupu ni hasara. Siku nyingine siwi na roho nyeupe.

Ninachotaka mkielewe ni hiki: kwenye kazi ya wakala, anayekupa maelekezo kila siku siye aliyekuajiri. Mkataba wako ni wa wewe na wakala. Kampuni unayokwenda kila asubuhi ni mteja, na inachonunua ni saa zako. Kumuaga msimamizi wa mteja kabla ya wakala ni kumuaga mpangaji ukidhani umeongea na mwenye nyumba.

Na tukizungumzia saa, kuna fomu ya saa ulizofanya kazi. Kila Ijumaa msimamizi anaisaini, wakala anaitumia kumdai mteja, na kutoka hapo unalipwa wewe. Ijumaa yangu ile yule mama alikuwa kikaoni, akasema atasaini Jumatatu. Jumatatu nilikuwa pembeni ya geti. Siku tano za kazi bila saini. Nilizifuatilia kwa wiki saba, na huku barua ya kazi mpya ilichelewa, kuanza kukasogezwa mwezi mzima. Sikuwa wa huku wala wa kule.

Ofisa mmoja wa wakala akaniongezea na kitisho: nimevuruga mteja wao, kwa hiyo wangekata “gharama za kunitafutia kazi”. Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, katika ibara ya 7 unawazuia mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada au gharama, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, na kuruhusu kinyume chake ni jambo la nadra lenye masharti. Ule namba 95 wa mwaka 1949 unataka makato ya mshahara yafuate sheria, na ajira ikiisha ulipwe stahili zako zote. Mikataba hiyo inazibana nchi zilizoiridhia, kwa hiyo angalia kama yako imo. Nilivikariri vifungu vile kama sala, nikamtajia yule ofisa kwenye simu. Habari ya makato ikafa siku ile ile.

Lakini sitawadanganya, vifungu havikunilipa zile siku tano. Nilidai rekodi za beji: muda wa kuingia na kutoka, siku zote tano. Geti lililonikataa ndilo lililonitolea ushahidi.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu, hasa nyie mnaoniandikia mkitaka “kubwaga manyanga kesho”. Usifungue mdomo kabla hujashika mkataba mpya uliosainiwa. Simu si mkataba. Hongera si mkataba. Kisha soma karatasi zako za wakala, na mara nyingi ni mbili: mkataba wa jumla, na barua ya kupangiwa kwa mteja. Notisi inaweza kuwa imeandikwa kwenye moja tu, au ikatofautiana kati ya mbili hizo. Kama mkataba wako ni wa muda maalumu na hauna kabisa kipengele cha kuondoka mapema, usiondoke kwa ubabe. Omba ridhaa yao kwa maandishi, kwa sababu kuuvunja kabla ya tarehe kunaweza kukuletea madai ya fidia. Na usifungue mdomo. Nimeshasema, narudia.

Mara ya pili, kwa wakala mwingine, nilisubiri Ijumaa. Saa tisa fomu ikasainiwa, nikaipiga picha. Saa kumi na nusu nikatuma barua pepe kwa wakala peke yake: “Natoa notisi ya kuacha kazi kwa mujibu wa mkataba wangu. Siku yangu ya mwisho itakuwa tarehe hii. Niko tayari kumwelekeza atakayechukua nafasi yangu. Naomba mthibitishe kwa maandishi kuwa mmeipokea, na mnieleze nani atamjulisha mteja.” Sababu sikuandika. Hawakuuliza. Jumatatu msimamizi alininunia hadi mchana, kisha akaniletea kijana wa kumfundisha. Beji yangu ilifanya kazi hadi siku ya mwisho.

Leo mimi ndiye ninayesaini fomu za watu wa wakala, na ndiyo, naitamka sentensi hiyo kwa maringo. Miezi michache iliyopita binti mmoja alikuja mezani kwangu, amefumbata mikono, uso umejaa siri. “Dada, kuna jambo nataka nikuambie wewe kwanza…” Nikamkatiza. Nikamwambia asimalize, maana akimaliza nitalazimika kumwambia mkuu wangu. Nikaomba fomu yake, nikaisaini palepale, nikamwambia aende akawapigie wakala. Aliondoka akidhani nimemkasirikia.

Msomaji wangu wa juzi amenijibu leo mchana. Hakuvumilia. “Nimeshamwambia dada, kafurahi mno, kanikumbatia.” Nimemuuliza swali moja tu: fomu ya wiki hii imesainiwa?

Ameusoma ujumbe. Bado hajajibu.