Maneno hayo hayajaenda kokote

Swali lenu la wiki hii, "Ni neno gani la Kiingereza cha kale ungependa lirudi?", limenigusa penye kidonda. La kurudisha halipo, maana mengine hayajaondoka. Sisi wa Mombasa tunarithishana hati za viwanja zilizoandikwa enzi za mkoloni, na humo ndani wamejaa kina "messuage", "moiety" na "hereditaments" (hili la mwisho ni mali inayoweza kurithiwa). Hata pasipoti ya Uingereza inaomba mwenyewe aachwe apite bila "let or hindrance", na "let" ya hapo ni kizuizi, kinyume kabisa cha ile ya kuruhusu tuliyofundishwa shuleni. Mimi nitajibu jingine: nani huumia maneno haya yasipofumbuliwa?

Alipofariki ami yangu mkubwa, ilibidi nyumba ya babu, Mji wa Kale, ijulikane ni ya nani na nani. Babu aliinunua pamoja na nduguye. Binti wa huyo ndugu, ambaye kwetu ni shangazi, alikuwa akikaa vyumba vya uani, karibu na kisima. Hati ikatolewa kwenye sanduku la bati, karatasi nzito iliyopigwa taipu, kona moja imeliwa na mende. Dalali aliyekuja nayo mkononi barazani tayari alikuwa na mnunuzi wake. Akasoma kwa sauti, akatufasiria: "messuage" ni nyumba, basi ua na kisima havimo, na "moiety" aliyoandikiwa baba yake shangazi ni kijisehemu tu. Kijana mmoja wetu akatazama kwenye simu, akakuta kweli neno hilo laweza kuwa na maana ya sehemu ndogo. Watu wakaanza kuitikia. Shangazi alikuwa akidarizi kofia. Sindano ikasimama katikati ya kitambaa, asiseme neno.

Ni mama aliyetaka aitwe jirani yetu mmoja, karani mstaafu wa mahakama. Mzee akaja, akaomba kwanza kahawa, kisha akaipitia hati mstari kwa mstari, kidole chini ya kila neno, midomo ikicheza. Tulingoja mpaka kahawa ikapoa. Ndipo akasema: "Wanangu, hii 'moiety' ni nusu. Watu mitaani wakilitumia wanaweza kukusudia kipande chochote, lakini kwenye hati ni nusu kamili. Na hili jingine, 'messuage', ni nyumba pamoja na mabanda yake, ua wake na kiwanja ilichokalia." Dalali akasema mambo ya zamani yamepitwa. Mzee akamjibu kwa upole kwamba hati husomwa kwa maana waliyokusudia walioiandika. Yule mnunuzi hatukumsikia tena.

Nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimeazimia kusema yafutwe yote. Wala si maneno ya Mwingereza wa kawaida. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa chao kikaja kuwa lugha ya mabwana na ya mahakama. Mwaka 1362, chini ya mfalme Edward III, ikatungwa sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza kwa sababu watu hawakuelewa yanayosemwa juu yao, lakini wanasheria wakaendelea kuyang'ang'ania maneno yao ya Kifaransa. Yaani mkulima wa huko naye alikaa kama alivyokaa shangazi yangu, akisomewa mali yake kwa lugha ya watu wengine. Hilo bado linaniudhi.

Lakini kila nikiikumbuka ile hati nasita. Hapa kwetu kila mtu anaijua "nyumba bila ardhi": kuta zako, kiwanja cha mwingine. Kama hati ingesema nyumba tu, dalali angekuwa na la kushika. Neno lile zee, ambalo kabla ya mzee kuja hakuna hata mmoja pale barazani aliyelielewa, lilikuwa limefunga nyumba, ua na ardhi fundo moja, na ndilo lililomwokoa shangazi. Sipendi kulitetea, ila siwezi kuukana ukweli huo.

Basi mkinibana nichague, nitasema "messuage" libaki, kwa sharti kwamba kila hati iwe na maelezo ya Kiswahili pembeni, na mwenye mali asomewe kabla hajatia sahihi. "Moiety" liondoke, neno lenye maana mbili zinazopishana hivyo halifai kugawia watu urithi wakati "nusu" ipo. "Hereditaments" sijapata sababu ya kulibakisha, ingawa huenda wakili akaniambia ipo. Na haya nimeyasema kwa hati yetu sisi. Mwenye yake sandukuni asiifasiri kwa kunisoma mimi. Aipeleke kwa mtu anayeijua sheria ya ardhi, na asiende na dalali.